Kasongo na Kabambare: kompyuta inaishi miaka mingapi, na karatasi za watu zinakwenda wapi?

KASONGO, Maniema kusini – Katika maofisi mengi ya Ulaya na Marekani, kompyuta hubadilishwa baada ya miaka 3 hadi 5. Si kwamba imekufa. Mhasibu ameandika katika daftari lake kuwa haina tena thamani, dhamana ya kiwanda imekwisha, na ile mpya inafanya kazi haraka zaidi. Basi inafungwa ndani ya boksi pamoja na nyingine nyingi na kuuzwa kwa jumla. Sehemu ya shehena hiyo inaishia Dar es Salaam, Kampala, Bujumbura au Kinshasa. Chache kati yake, baada ya meli na lori, na pengine baada ya kufungwa nyuma ya pikipiki au baiskeli, zinafika Kasongo na Kabambare.

Kwa hiyo mtu akiuliza kompyuta hudumu miaka mingapi, jibu la huku si lile la kule. Huku hesabu inaanza pale ambapo kule imekwisha. Kompyuta ndogo ya Dell au HP iliyotupwa na ofisi fulani ya Ulaya ikiwa na miaka 5 itaandika barua, orodha za wanafunzi na maombi ya kazi mjini Kasongo kwa miaka mingine 5, 8, hata zaidi. Na mara nyingi kinachoiua si uzee. Kinachoiua ni umeme mbaya, njia mbaya, au vita. Ikifa, inaondoka na maandishi ya watu ambayo hayapo mahali pengine popote. Hilo ndilo linalofanya habari hii iwahusu pia wale ambao hawajawahi kumiliki kompyuta.

Kutunza chombo kwa muda mrefu ni desturi ya zamani hapa. Tangu zama za Tongoni, pale ulipokuwa mji wa kwanza wa Kasongo, kila chombo cha kiwandani kilitoka mbali. Misafara ya pwani ilileta vitambaa, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliufanya mji huo kuwa kitovu cha utawala wake, hadi jeshi la mfalme Leopold II lilipouteka mwezi wa 4 mwaka 1893 kutoka mikononi mwa watu wa mwanaye Sefu. Baada ya hapo zilikuja cherehani, baiskeli na redio za batri. Hakuna aliyeuliza cherehani ya Singer itabadilishwa lini. Ilirithiwa.

Chombo kilichofanya kazi ya kompyuta kabla ya kompyuta ni mashini ya kuandika: Olympia, Remington, Hermes, Olivetti. Zilikuwa katika ofisi za wilaya, misheni, shule na mahakama, na nyingine ziliendelea kugonga herufi hata baada ya mwaka 2000. Hazikuhitaji umeme wala esansi. Utepe ukikauka ulitiwa wino tena, herufi ikikwama ilisuguliwa kwa brashi na mafuta. Tena kulikuwa na kitu kimoja ambacho watu wengi wamekisahau, nacho ni karatasi ya kaboni. Karani alipopiga barua moja, zilitoka tatu. Moja ilikwenda kwa mkubwa, Kindu au Bukavu (Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu hadi mwaka 1988), nyingine ilibaki katika faili ya ofisi, na ya tatu alipewa mwenyewe. Nyumba moja ikiungua, barua ilikuwa bado hai katika nyumba nyingine. Kusini mwa Maniema, ambako waasi wa Simba walipita mwaka 1964 na vita vingine vikafuata, hilo halikuwa jambo dogo.

Mfano mkubwa wa nguvu ya karatasi uko papa hapa. Katika miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, iliendesha pamoja na wahudumu wa afya wa Kasongo mradi unaojulikana duniani kama Mradi wa Kasongo. Watoto walipewa chanjo ya surua, na mwenendo wa maisha yao ukafuatwa na kuandikwa kijiji kwa kijiji. Mwaka 1981 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari The Lancet, na hadi leo wataalamu wa chanjo wanabishana juu ya hesabu zile za Kasongo. Hesabu hizo zilitoka katika kalamu na fishi. Mtafiti wa leo anaweza bado kuzisoma. Je, nani ataweza kusoma orodha za watoto zilizoandikwa katika kompyuta ya kituo cha afya kilichoporwa?

Mwezi wa 8 mwaka 1981, miezi michache baada ya makala hiyo, kampuni ya IBM ilianza kuuza kompyuta yake ndogo ya mezani huko Marekani. Maniema haikuiona mapema. Bei ya bati ilianguka duniani mwaka 1985 na kuidhoofisha SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kusimamia migodi ya Kivu na Maniema, ikiwemo ya dhahabu kule Namoya. Yakafuata maporo ya mwaka 1991, vita vya 1996, kisha vile vya 1998, wakati Kindu ilipoingia mikononi mwa RCD mwezi wa 10. Miaka ambayo dunia ilikuwa inajifunza kutumia intaneti, familia za Kasongo na Kabambare zilikuwa porini.

Kwa wanavijiji wengi, kompyuta ya kwanza waliyowahi kukaa mbele yake ilikuwa ile ya kuandikisha wapiga kura mwaka 2005: kompyuta ndogo, kamera, chombo cha kuchukua alama za vidole, mashini ya kuchapisha, na jenereta ikinguruma nje. Nchi ilikuwa haijahesabu watu wake tangu sensa ya mwaka 1984, na bado haijawahesabu. Kadi iliyotoka katika mashini ile ikawa ndiyo kitambulisho cha raia, kizuizini, benki na hospitali.

Sasa angalia jinsi serikali yenyewe inavyotunza kompyuta. Mitambo ya mwaka 2005 ilitoka kwa kampuni ya Zetes ya Ubelgiji. Ya mwaka 2016 ilitoka kwa Gemalto. Uandikishaji ulioanza mwezi wa 12 mwaka 2022 ulifanywa kwa mitambo ya Miru Systems ya Korea Kusini, kampuni ileile iliyotengeneza mashini za kupigia kura za tarehe 30 Desemba 2018. Karibu kila duru ina mkataba wake, mitambo yake na kadi yake. Zile za kupigia kura ndizo zilizobahatika kurudi kazini: zilitumika tena tarehe 20 Desemba 2023, zikiongezewa nyingine mpya. Wakati huohuo raia aliye na kadi ya karibuni analalamika kwamba wino wake umefutika na uso wake hauonekani. Mwenye kibanda cha kuchapisha barua sokoni, ambaye kompyuta yake moja imeona chaguzi mbili au tatu, angekuwa na haki ya kucheka.

Kibanda hicho ndicho mahali pa kujifunzia umri wa kompyuta. Hapo ndipo watu wanakuja kupigisha barua ya maombi, kutoa kopi ya diploma, kuweka nyimbo na picha katika simu. Kasongo haina umeme wa kutegemewa, kwa hiyo kazi inaendeshwa na paneli za jua au jenereta ndogo ya esansi. Jenereta ndogo haitoi umeme ulio sawa: mara unapanda, mara unashuka, na kila ruko ni kipigo kwa kompyuta. Kompyuta kubwa ya mezani huungua mapema sehemu yake ya kupokea umeme. Ndiyo maana watu wanapenda ile ya kukunja, ingawa karibu zote zinafika batri ikiwa tayari imechoka. Batri ya kompyuta huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na zile mara mia kadhaa zilikwisha kule ilikotoka. Kwa hiyo kompyuta iliyotengenezwa ili itembee inakaa mezani kama jiwe, waya ukiwa umechomekwa muda wote. Esansi ikiisha katikati ya ukurasa, ukurasa umekwenda.

Halafu kuna vumbi jekundu la kiangazi. Linaingia kwenye feni, linashikana na mafuta, na kompyuta inapata joto hadi inajizima. Fundi anafungua, anapuliza, anasafisha, anafunga. Kazi ya nusu saa inaongeza mwaka. Kuna disiki ya kuzunguka, ambayo haipendi kutikiswa, na barabara za kusini mwa Maniema zinatikisa hata mifupa. Kuna herufi za klaviye: kompyuta kutoka Uingereza au Marekani ina mpangilio wa QWERTY, ya Ujerumani ina QWERTZ, na mpigaji aliyejifunza shuleni kwa AZERTY ya Kifaransa anatafuta herufi A pale ilipo Q, na é haipo kabisa. Watu wanabandika karatasi ndogo juu ya vitufe au wanachomeka klaviye nyingine. Na ikifa moja, haizikwi: ekra yake inakwenda kwa jirani, chaja kwa mwingine, kumbukumbu yake inaongezwa katika ya tatu.

Kuna kasoro moja ndogo ambayo madhara yake ni makubwa kuliko ukubwa wake. Ndani ya kila kompyuta mna batri ya duara, kama kifungo cha shati, inayoiwezesha saa kutembea wakati umeme haupo. Baada ya miaka kadhaa inakufa. Kuanzia hapo, kila kompyuta inapowashwa inasahau tarehe na kurudi nyuma, mara nyingi hadi tarehe 1 Januari ya mwaka ule ilipotengenezwa. Mpigaji asiyeangalia anaweza kutoa cheti cha leo chenye tarehe ya miaka 12 iliyopita. Mbele ya mahakama au benki, karatasi ya namna hiyo inamtia mtu mashakani bila kosa lake. Hata anayeandika historia ya hapa atapata taabu, kwa sababu mafaili mengi yatamwambia yaliandikwa kabla ya mambo yanayosimuliwa ndani yake. Batri hiyo ni kitu cha bei ndogo, na inafaa mwenye kibanda aibadilishe kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuna kompyuta zinazozima kwa amri ya mbali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huko zilikotengenezwa, tarehe hizo zilipeleka mamilioni ya kompyuta nzima jalalani au kwa wauza mitumba. Huku XP na 7 ziliendelea, kwa kuwa kompyuta isiyoingia intaneti haijui kwamba imefungiwa. Adui wake ni flashi. Flashi moja inatembea kutoka shule hadi kibanda, kutoka kibanda hadi parokia, na virusi vinaficha mafaili yote hadi mwenyewe anadhani yamefutika. Mara nyingi hayajafutika, na fundi mwenye subira anaweza kuyafichua. Ni wangapi walifuta flashi nzima kwa hofu, pamoja na matokeo ya shule ya mwaka mzima?

Haraka ya dunia ya kubadilisha kompyuta ina mizizi yake. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika kwamba idadi ya vijisehemu katika kipande kimoja cha kompyuta inaongezeka mara mbili kila mwaka, na mwaka 1975 akasema ni kila miaka miwili. Viwanda vikaifanya kauli hiyo kuwa ratiba. Kila kompyuta mpya ilihitaji madini mapya, na hapo Maniema inaingia tena, kwa mlango wa nyuma. Tantali inayotoka katika koltani hutengenezewa vijichombo vidogo vya kuhifadhi umeme. Bati linalotoka katika kasiteriti ndilo linaloshikanisha vipande. Dhahabu hupakwa kwenye viungio. Vyote vitatu vinachimbwa jimboni Maniema, na Kabambare ni mojawapo ya wilaya hizo. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda ghafla, na wachimbaji wakamiminika migodini mashariki mwa nchi. Mwezi wa 7 mwaka 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kuzuia risasi katika kulehemu vyombo vya umeme, na bati likatafutwa zaidi. Mwezi wa 9 mwaka 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema hadi mwezi wa 3 mwaka 2011, miezi michache baada ya Marekani kupitisha sheria juu ya madini ya vita. Maduka ya kompyuta Ulaya hayakufungwa hata siku moja. Wachimbaji wa Maniema ndio waliokaa bila kazi.

Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za takataka za umeme, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuyeyushwa tena kwa utaratibu. Kompyuta inayofanya kazi miaka 12 mjini Kasongo imeokoa madini mengi kuliko hotuba nyingi, ingawa aliyeitunza hakufikiria hilo. Alikuwa hana fedha za kununua nyingine.

Wasikilizaji waliokimbia Salamabila na vijiji vya Kabambare wanajua sehemu ya mwisho ya habari hii kuliko yeyote. Mapigano karibu na mgodi wa Namoya yalizidi tangu mwaka 2018, na mwezi wa 9 mwaka 2019 kampuni ya Banro ilitangaza kusimamisha kazi pale. Familia ikikimbia usiku inabeba mtoto, sufuria, mkeka, na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Kompyuta haibebwi. Ni nzito, na mbele ya mwenye silaha inamfanya mtu aonekane tajiri. Ya shule inabaki shuleni, ya kituo cha afya inabaki kituoni, na anayerudi baada ya miezi anakuta meza tupu. Pamoja na ile kompyuta zimekwenda pointi za wanafunzi, orodha za walimu, majina ya waliochanjwa.

Simu ndiyo kompyuta ya familia inayokimbia. Ndani yake mna picha ya cheti, picha ya karatasi ya shamba, sauti ya mzee aliyekufa. Hata nayo imekuwa na mikosi yake: kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2020 serikali ilikata uniti za watu kwa ajili ya kodi iliyoitwa RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu kubwa, hadi kelele za raia zilipoiondoa mwaka 2022. Simu ikivunjika ekra, kadi yake ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, bado inaweza kusomwa katika simu nyingine. Wengine wanaifunga katika pindo la kitenge.

Mzazi aliyepoteza cheti cha mtoto anakutana na sheria. Kuandikisha uzao ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti, na safari na gharama zake zinamshinda mtu aliyehama. Kwa hiyo karani wa zamani na kaboni yake hakuwa nyuma ya wakati. Shule inayochapisha orodha zake kila muhula na kupeleka nakala moja parokiani au msikitini, nyingine kwa mkaguzi, inafanya kile alichokifanya yeye, na kompyuta yake ikiporwa, wanafunzi wanabaki na majina yao. Mwenye kibanda anaweza kumpa kila mteja faili lake katika kadi ya simu badala ya kulihifadhi peke yake. Kazi hiyo haihitaji kompyuta mpya.

Kompyuta nyingine ziko njiani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa rasmi nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018. Maofisi ya Ulaya yanaziondoa mezani zikiwa nzima. Zinaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure, au kuendelea kama zilivyo mbali na intaneti. Lakini tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, njia za bidhaa za mashariki zimevurugika, na chaja moja inaweza kusubiriwa kwa wiki nyingi. Kwa sasa mafundi wa Kasongo wanaendelea na zile zilizopo, zile ambazo kwa daftari la mhasibu wa kwanza zilikwisha kufa.